Faili la Goti la Kulia

4 Februari

Mpwa wangu,

Barua hii ikukute mzima, kama ilivyoniacha mimi, isipokuwa goti moja ambalo nitalifikia kwa utaratibu wake. Mama yako hajambo. Ameupaka mlango wa mbele rangi ya kijani, siku ya pili akasema kijani kinamwangalia vibaya, akaupaka bluu. Sasa sote tunapitia mlango wa jikoni tukisubiri rangi ikauke. Mimi nakaa chumba cha uani kwake kama unavyojua, sina sauti katika mambo ya rangi. Anakusalimu sana, anasema ukipata nafasi ya kulala, ulale.

Uliniuliza kwa nini sikupigii simu kama watu wengine. Mwanangu, mimi nimekaa masjala miaka ishirini na saba. Kila barua inayoingia katika jengo letu inapita mezani kwangu, inapigwa mhuri, inapewa namba, ndipo inakwenda kwa mhusika. Simu haina nakala. Mtu akikana alichosema, utamshika wapi? Ndiyo maana naandika, na chini ya karatasi hii kuna kaboni.

Sasa jambo lenyewe. Goti langu la kulia linaniuma. Si goti zima. Ni mahali padogo, chini tu ya ile pia ya goti, kabla hujafika kwenye mfupa wa ugoko, na upana wake haupiti kifungo cha shati. Nikipabonyeza kwa kidole gumba nawakumbuka watu wote walionikosea. Asubuhi goti linakuwa gumu. Nikitembeatembea linalegea, najiambia limepona, halafu jioni linanirudia kwa hasira. Kushuka ngazi ni taabu kuliko kupanda. Nikikaa kikaoni saa nzima, nainuka kama kiti cha kukunja kilichoshika kutu.

Mama yako amenikanda kwa chumvi ya moto, akanikanda kwa barafu, akarudia chumvi. Goti lenyewe sasa halijui liamini nini.

Wewe umesomea viungo vya watu miaka minne na una cheti ukutani. Naomba uniambie mambo mawili: hiki ni nini, na lini nitaweza kuruka tena. Ni lazima niruke. Sitaeleza zaidi.

Mjomba wako


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, na mwenzangu wa chumbani akacheka mpaka akamwaga chai. Mwambie Mama nalala, nakula, na bluu nayo aipe nafasi. Huku kazi ni nyingi. Chumba chetu cha mazoezi kimepakana na kliniki ya meno, kwa hiyo wagonjwa wangu wananyanyua vyuma huku wanasikia watu wanalia upande wa pili. Daktari wa meno ni mtu mstaarabu. Juzi mvua ilinikuta akaniazima mwavuli. Ni mwavuli tu, usianze.

Tuje kwenye goti. Hapo unapopabonyeza pana kano, mkanda mgumu unaoishika pia ya goti na kuifunga kwenye mfupa wa ugoko. Msuli wa paja unavuta pia, pia inavuta kano, kano inavuta mguu, ndiyo unanyooka. Mtu akiruka na kutua, mkanda huo unabeba uzito wake mara kadhaa. Kano lako halijakatika, usiogope. Limepewa kazi nyingi kuliko lilivyojiandaa, nyuzi zake zimeanza kukaa shaghalabaghala, nalo linalalamika. Chumvi na barafu zinalituliza kidogo tu, haziliongezei nguvu. Na akitokea mtu wa kukuchoma sindano pale pale kwenye kano ili upone haraka, mwambie asubiri kwanza uniulize mimi.

Wagonjwa wangu wa namna hii ni wachezaji wa mpira wa wavu. Wengi wana miaka ishirini, warefu, wanaruka kutwa kucha. Wewe una hamsini na tatu, na kazi yako ni ya kukaa. Kwa hiyo nauliza, na nataka jibu lenye nakala: unaruka wapi, unaruka mara ngapi, na unaruka kwa ajili gani?

Halafu simama kwa mguu wa kulia peke yake, kunja goti polepole, uniandikie panauma wapi.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Huku sote wazima. Bluu imekauka lakini mama yako ameanza kuiangalia kwa pembeni. Nimefurahi kusikia habari ya mwavuli. Sijaanza. Nauliza tu kama umeurudisha.

Nakujibu kama ulivyouliza. Naruka masjala. Naruka mara kadhaa. Naruka kwa sababu za kikazi, yaani kuna mafaili ya juu.

Najua utasema nipande kiti. Kuna waraka unaokataza kukanyaga viti vya ofisi, niliupiga mhuri mwenyewe mwaka ule mpiga chapa alipoanguka. Utasema nipande ngazi ya mbao. Ngazi iliazimwa na Idara ya Ramani, na maombi ya kuirudisha bado yanashughulikiwa. Ni mwaka wa sita.

Kabla barua yako haijafika nilijitibu kwa akili yangu. Nilichukua likizo siku kumi, nikalala chali mguu juu ya mto, sikwenda hata dukani. Goti likanyamaza kabisa. Nikarudi kazini nikiwa na furaha zangu. Asubuhi moja tu, moja, nikaruka kama kawaida, jioni likaniuma kuliko mwanzo. Nimevunjika moyo, sikufichi.

Jaribio lako nimelifanya. Nilisimama kwa mguu wa kulia, nikakunja, pakauma pale pale kwenye kifungo, kisha sikuweza kuinuka. Karani mdogo, ambaye tunamwita Mhuri kwa jinsi anavyopenda kuupiga, alinikuta nimelishika kabati kiunoni. Hakuuliza kitu. Ni kijana mwenye adabu.

Goti nimelifungulia jalada. Namba yake ni M/GOTI/KULIA/1. Barua zako zote zimo humo.

Mjomba wako


15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mwavuli nimeurudisha. Siku hiyo hiyo mvua ikanyesha, nikaazimwa tena. Tuendelee.

Zile siku kumi za kulala ndizo zilizokuponza. Kano lisilofanya kazi halipumziki, linadhoofika. Ukirudi kuruka ghafla, linakutana na kazi ile ile likiwa na nguvu pungufu. Dawa yake ni kulibebesha kazi ya kipimo chake, kila wiki unaongeza kidogo, na hilo linachukua miezi mitatu au zaidi. Hakuna njia ya mkato, nimeitafuta.

Maelekezo nimeyaandika karatasi ya pili. Samahani ina nembo ya hospitali, karatasi za kawaida zimeniishia. Ifuate kama ilivyo. Na kuanzia siku utakapoipata, usiruke. Hata mara moja.

Mafaili ya juu yasubiri. Halafu, Mjomba, faili gani hilo linahitajika kila siku na halishushwi chini?

Mpwa wako

(Karatasi ya pili)

MAELEKEZO. Kila siku, mara mbili kwa siku: egemeza mgongo ukutani bila kiti, miguu mbele kidogo, shuka mpaka magoti yakunjike, si chini sana. Tulia hapo sekunde arobaini na tano. Pumzika dakika mbili. Rudia mpaka zitimie mara tano. Maumivu kidogo yanaruhusiwa: ukiyapima kwa kumi, yasizidi matatu, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi kama yalivyokuwa. Yakizidi, punguza. Kuruka ni marufuku mpaka itakapoelekezwa vinginevyo.


9 Aprili

Mpwa wangu,

Kaa chini kwanza. Usikae ukutani, kaa kwenye kiti.

Siku barua yako ilipofika, mimi nilikuwa nimepeleka mafaili jengo la pili. Mhuri akaifungua, kwa sababu barua zote zinazokuja kwa anwani ya ofisi zinafunguliwa. Ukurasa wa kwanza akaona neno Mjomba, akaukunja kwa heshima zote na kuuweka kwenye droo yangu. Ukurasa wa pili akaona nembo, akaona neno Maelekezo, akaona marufuku. Akaupiga mhuri, akaupa namba, akaandika juu yake: Wakuu wote wa idara, kwa utekelezaji. Mpaka narudi, nakala thelathini zilikuwa zimeshasambaa jengo zima.

Kesho yake saa tatu nikaenda Idara ya Ramani kuulizia ngazi. Nikawakuta watu saba wameegemea ukuta bila viti, jasho linawatoka, mkuu wao anahesabu kwa sauti. Nikadhani wamepatwa na jambo. Nikapita Idara ya Vipimo, vivyo hivyo, ila wao walikuwa wamepima pembe ya magoti na kuweka alama ya chaki ukutani. Mlango wa Mkurugenzi ulikuwa umefungwa, lakini nilimsikia ndani: thelathini na nane, thelathini na tisa. Picha yake ikaanguka. Hakuacha kuhesabu.

Wananchi waliokuja kuulizia viwanja walidhani ndiyo foleni. Wakajipanga ukutani nao. Mzee mmoja alimaliza mara tano zote kisha akaomba karatasi yenye mhuri wa kuthibitisha. Akapewa.

Ningesema ukweli, mwanangu, lakini ningeanzia wapi? Waraka ukishapewa namba haufutwi ila kwa waraka mwingine. Nimenyamaza. Nami nafanya yangu mle masjala, asubuhi na alasiri. Siku za kwanza mapaja yaliwaka moto, sasa napata sekunde arobaini na tano bila kutaja mtu. Na nikuambie kitu: goti likishatoka ukutani linatulia saa nzima, mbili. Nimeandika kwenye jalada. Kuruka nimeacha tangu tarehe ishirini ya mwezi uliopita. Nikiwa pale ukutani nabaki naangalia dirisha, lakini kutoka chini huoni kitu zaidi ya anga.

Nimeambatanisha barua ya Idara ya Ramani. Wanaomba ufafanuzi kutoka kwako.

Mjomba wako

Tena: mlango ni bluu bado, lakini jana mama yako amenunua rangi ya njano.


24 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma, na mbavu si fani yangu. Nilimsomea daktari wa meno barua yako wakati ananiangalia jino. Ilibidi aweke vifaa pembeni.

Waambie Idara ya Ramani hivi. Swali lao la kwanza, ni goti lipi: lolote. La pili, mtumishi asiye na maumivu ayatafute wapi: asiyatafute. La tatu, kama likizo inahesabika: sijui, mimi ni mtu wa viungo.

Sasa hatua ya pili, na nimeiandika hapa hapa katikati ya salamu ili Mhuri asiione. Siku moja unafanya, siku moja unapumzika. Simama, miguu yote miwili, shuka polepole ukihesabu tatu kama mtu anayetaka kukaa, panda ukihesabu tatu. Mara nane, pumzika, rudia mpaka seti nne. Ikiwa rahisi, beba mzigo mgongoni. Mzigo ndio dawa yenyewe, usiuogope. Kano linajipanga upya likibebeshwa kitu kizito polepole. Kipimo cha maumivu ni kile kile.

Halafu nikushike shati kidogo. Umeandika kwamba ukiwa ukutani unaangalia dirisha. Mafaili hayakai dirishani, Mjomba. Unaniambia unaruka kwa ajili ya mafaili ya juu, lakini tangu uache kuruka hujalalamika kukosa faili hata moja. Hili si umbea. Nisipojua ulikuwa unaruka mara ngapi, sijui nikurudishe wapi. Kuna nini dirishani?

Mpwa wako


30 Mei

Shikamoo Mjomba,

Barua yangu ya Aprili hujaijibu. Mama nimempigia simu, ile isiyo na nakala, anasema u mzima, unakwenda kazini na begi la mgongoni lenye mafaili mazito na unakaa na kuinuka uani mpaka kuku wanakukimbia. Anasema pia huli vizuri, na ukiulizwa unajibu "linashughulikiwa".

Nimekukasirikia kidogo na nina wasiwasi sana. Ukiona nimekuchimba mno, niambie niache. Lakini usininyamazie. Nimebaki na wewe na Mama tu.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mama yako hajambo. Mlango sasa ni mweupe.

Nakujibu, na karatasi hii sikuiwekea kaboni. Ukiipoteza, imepotea.

Masjala yetu ina dirisha moja tu, na liko juu karibu na dari, kwa sababu aliyechora jengo aliamini mwanga unaharibu karatasi. Miaka miwili iliyopita nilirukia faili la juu. Hilo faili ni la kweli. Nikiwa hewani nikaona, ng'ambo ya barabara, ghorofa ya kwanza, mwanamke ameketi kwenye cherehani. Alikuwa na pini mdomoni na alikuwa anaigombeza nguo. Nikatua. Nikaruka tena kuhakikisha.

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku ya kazi, kati ya saa nne na saa nne na nusu, Mhuri anapokwenda posta. Mruko mmoja haukupi kitu, mwanangu, unamwona mtu kipande kipande. Ilinichukua siku tatu kujua kwamba ameanza kuvaa miwani, na wiki nzima kujua kwamba haivai kushonea, anaivaa kuangalia nje. Ilinichukua miruko kumi na mmoja kuhakikisha kidole chake cha pete hakina pete. Mwaka jana aligeuza cherehani, akaitoa ukutani akaielekeza dirishani. Nilidhani ni kwa ajili ya mwanga. Wastani wangu ulikuwa miruko arobaini kwa siku. Siku aliyoshona pazia jekundu nilifika sabini.

Utasema ningeweza kuvunja waraka nikapanda kiti. Mtu aliyesimama juu ya kiti anachungulia. Mtu anayeruka anafanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Utasema ningevuka barabara. Nikamwambie nini? Samahani mama, mimi ndiye ninayeruka?

Sasa ni siku themanini na sita sijamwona. Goti linapona, jalada linaonyesha: nabeba mafaili kumi na mawili mgongoni, maumivu ni mawili kwa kumi, asubuhi hayapo. Lakini sijui kama bado yupo. Huenda amehama. Huenda anaumwa. Naangalia anga saa nne asubuhi nikiwa nimekaa juu ya hewa. Nimemkosa. Basi, nimeliandika.

Ulisema miezi mitatu. Inatimia. Naomba ruhusa ya kuruka.

Mjomba wako


29 Juni

Shikamoo Mjomba wangu,

Karatasi yako sikuipoteza. Nimeilalia chini ya mto.

Nianze na ukali. Kumwangalia mtu miaka miwili bila yeye kujua si adabu, hata ukimwangalia kwa heshima na kwa vipande. Unadaiwa kumwomba radhi. Nimemaliza ukali.

Kama mtaalamu: goti lako sasa linaweza kuanza kuruka, kidogo kidogo. Miguu miwili, chini chini, miruko kumi, siku moja ndiyo na siku mbili hapana. Ukitua, kunja magoti, usitue kama gunia. Wiki ya tatu ndipo uongeze. Mazoezi ya mzigo usiyaache, hayo utayabeba mwaka mzima. Arobaini kwa siku usahau.

Kama mpwa wako: kuna zoezi lenye usalama zaidi kwa kano kuliko kuruka. Ni kupanda ngazi polepole ukishika ukuta. Ngazi za jengo lake.

Nawe umenipa siri, nakulipa yangu. Daktari wa meno nimempelekea meno manne tangu mwezi wa pili. Yote mazima. La kwanza nilisema linawasha. La pili nilisema linasikia baridi. Wiki iliyopita alizima taa akasema, "Dada, umebakiza magego tu." Nikamwambia gego moja linanisumbua sana. Kwa hiyo usidhani nakucheka. Tumelogwa na nani, sisi wa ukoo huu, kupeleka kiungo mahali ambapo mtu mzima angepeleka miguu yake?

Mpwa wako


22 Julai

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo. Ameondoa mlango kabisa, anasema upepo hauna rangi. Fundi anakuja Jumamosi na mlango mpya, na mimi nimetumwa kuchagua rangi, heshima ambayo sikuitarajia. Huyo daktari wa meno msalimie, na gego lako liache lilivyo. Mwambie umekuja bila jino lolote.

Sasa sikiliza, na nitakueleza kwa mpangilio, kwa sababu nikikurupuka nitaharibu.

Nilifuata maelekezo yako. Wiki ya kwanza niliruka chini chini, sikufika hata nusu ya dirisha. Tarehe kumi na tatu, saa nne na dakika kumi, nikasema leo nipande mara moja tu, moja ya kweli. Nikakunja, nikaruka. Goti halikusema kitu. Nikaona cherehani imefunikwa kitambaa na kiti kiko kitupu.

Nilitua vizuri, kama ulivyofundisha. Kisha nikakaa sakafuni.

Mhuri akarudi kutoka posta kupitia mapokezi, na barua za siku hiyo. Akaniwekea mezani, akaniuliza kama nimeanguka, nikamwambia nafanya mazoezi. Nikaanza kupiga mhuri kwa mazoea. Ya tatu haikuwa na stempu. Ilikuwa imeletwa kwa mkono, mapokezi walikuwa wameandika saa: nne na dakika kumi. Nainakili hapa neno kwa neno.

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Kuhusu kichwa kilichokuwa kikionekana dirishani. Mimi ni mshonaji wa ghorofa ya kwanza ng'ambo ya barabara. Kwa muda wa miaka miwili, asubuhi kuanzia saa nne, kichwa cha mwanamume kilikuwa kinatokea kwenye dirisha lenu la juu na kutoweka, kinatokea na kutoweka. Mwanzoni niliogopa. Baadaye niligeuza cherehani ili nikione vizuri, na nikanunua miwani ya mbali. Tangu mwezi wa tatu hakijatokea tena. Naomba kufahamishwa kama mwenye kichwa amehamishwa, amestaafu, au kuna jambo limempata. Sina malalamiko. Nilikuwa nimekizoea."

Niliisoma mara sita. Machozi yalinitoka, sioni haya kukuambia. Mhuri alikuwa amesimama na wino tayari, anasubiri nimwambie inakwenda idara gani. Miaka ishirini na saba sijawahi kuzuia barua. Na kama ningeiachia, mwanangu, Idara ya Vipimo wangekuja kupima vichwa.

Nikaipa namba. Kwenye safu ya mhusika nikaandika: mwenye kichwa. Kwenye safu ya hatua nikaandika: anakwenda. Nikalichukua koti kigingini, nikamwambia Mhuri ashike masjala. Akaniuliza, "Mzee, nakala?" Nikamwambia hii haina nakala.

Nikavuka barabara. Nikazunguka jengo mpaka mtaa wa nyuma ulipo mlango wake. Ngazi ni ishirini na mbili. Nilipanda polepole nikishika ukuta, maumivu moja kwa kumi, na hilo moja nadhani lilikuwa la moyo. Nikabisha hodi.

Alikuwa ndiyo kwanza amerudi, kitambaa cha cherehani bado mkononi. Alinitazama uso, halafu macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye viatu, yakapanda tena.

"Kumbe kina mwili," akasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi yenye vifungu vitatu. Yote yalipotea. Nikasema samahani sana, nilipaswa kuja kubisha hodi miaka miwili iliyopita.

"Ulikuwa unabisha," akasema. "Ulikuwa unabisha juu mno."

Basi nikaegemea ukuta wake, na kwa mazoea ya miezi minne mgongo ukaanza kushuka wenyewe, magoti yakakunjika, nikajisikia nahesabu moja, mbili, tatu. Yeye hakushangaa. Alivuta kiti kutoka kwenye cherehani akakisukuma chini yangu.

Nikakaa. Kiti cha kweli, mwanangu.

Mjomba wako